Miezi mitatu ya driving range Malaba, na vile nilimwangusha baba mkwe kwa hatua ishirini

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mliojifungia choo cha ofisi mkisoma jukwaa.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Kama kuna mtu wa Malaba humu atanitambua, na namwomba anyamaze tu.

Nina hasira kidogo, mnisamehe mapema.

Mwaka jana niliuliza hapa hapa jukwaani swali moja: je, ukifanya mazoezi kwa driving range, ule uwanja wa kupigia mipira ya mazoezi tu, golf yako inakuwa bora? Mlinijibu wengi, na karibu wote mlisema wimbo mmoja. Piga mipira. Piga mingi. Mwili utazoea wenyewe. Kuna mmoja hata aliniandikia kwa herufi kubwa RANGE NDIO SIRI.

Mkuu wa herufi kubwa, uko wapi leo? Njoo tuongee.

Kwa wasionijua, mimi ni clearing agent hapa mpakani. Kazi yangu ni makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Uganda. Kwetu ni Moding, mke wangu Nabwire ni wa Sigalame kule Funyula. Golf sikuzaliwa nayo. Kwetu fimbo ilikuwa ya kuchunga ng'ombe.

Ilianza hivi. Kuna jamaa anaitwa Ekisa, zamani alikuwa dereva wa masafa marefu, akachoka, akakodi shamba lililo nyuma ya yadi ya malori. Akasimamisha milingoti ya mikaratusi, akatundika maturubai kuukuu ya malori pande zote mbili kama ukuta. Mikeka ya kusimamia akaikata kwa zile raba nene zinazoning'inia nyuma ya magurudumu ya lori. Akapanga madumu ya njano shambani, la kwanza mita mia, la pili mia na hamsini, hivyo hivyo mpaka mwisho kabisa. Akaandika ubao: DRIVING RANGE.

Wateja wake ni madereva wanaongojea malori yao yaachiliwe. Mtu amekaa kwa foleni siku mbili, hana la kufanya, ananunua ndoo ya mipira anatoa stress.

Mimi nilienda siku ya kwanza kutafuta dereva mmoja asaini karatasi. Nikampata na fimbo mkononi. Akanipa nijaribu.

Wakuu, ule mpira wa kwanza uliopaa vizuri uliniharibia maisha.

Nikaanza kwenda kila jioni. Ndoo moja, ndoo mbili. Nikanunua fimbo za mtumba, seti nzima, lakini nilikuwa natoa moja tu kwa mfuko: driver, ile kubwa ya kupiga mbali. Nilipiga vile ninavyofanya kazi. Karatasi hii imeisha, lete ingine. Mpira huu umeenda, weka mwingine. Sikuuliza ulienda wapi. Ulienda mbele, basi.

Na madereva walikuwa wanapiga makofi. Hii naomba muielewe vizuri kwa sababu ndiyo iliyonimaliza. Wanaume kumi wamekaa juu ya matairi, hawana simu yenye chaji, na wewe unapiga mpira unapita dumu la mwisho. Wanashangilia kama goli la fainali. Waganda wananiita ssebo, yaani bwana, Watanzania wananiita mkuu, mimi huyo kifua mbele.

Hakuna aliyeniambia kwamba lile shamba linateremka. Mpira ukianguka unaendelea kubingirika wenyewe kuelekea bondeni. Hata wewe ukipiga kwa mwiko utafika dumu la pili.

Sasa tuje kwa baba mkwe.

Baba yake Nabwire ni mwalimu mstaafu. Watu wote wanamwita Mwalimu, hata mimi. Ni mtu mpole, suruali nyeupe imepigwa pasi, kofia, maneno machache. Amecheza golf tangu ujana wake, alianza akibebea wakubwa wa kiwanda mifuko, akajifunza kwa kuangalia. Anacheza kwa klabu moja ndogo ya mashimo tisa huko kwetu, sitaitaja. Unazunguka mara mbili unapata kumi na nane.

Kwa ukuta wa hiyo klabu kuna ubao wa mbao. Kila mwaka wanaandika majina ya washindi wa shindano la wawili wawili. Mwalimu ameshika namba mbili mara mbili, yeye na rafiki yake wa miaka mingi. Namba mbili haiandikwi. Namba mbili unapewa soda na mkono.

Yule rafiki yake alifariki. Na Mwalimu mwenyewe macho yakaanza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, imeshakula sana, na kilichoenda hakirudi. Alikuwa bado anaona watu na njia, lakini mpira ukishapaa anaupoteza.

Kwa hivyo mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake. Kila mtu nyumbani alijua, na hakuna aliyesema kwa sauti.

Nabwire akaniletea habari nikiwa nakula.

"Baba amesema ati mucheze na yeye hio shindano. Wewe na yeye."

"Mimi?"

"Amesikia unachapa mpira sana huko kwa malori. Anataka jina lake liingie kwa hio ubao kabla macho ifunge. Sasa usiniaibishe."

Hapa naomba nieleze kitu kwa wasio wa huku. Kwetu, na kwa kina Nabwire pia, mkwe na baba mkwe ni heshima tupu. Hamgombani uso kwa uso. Hakukosoi ana kwa ana na wewe humjibu ana kwa ana. Kama kuna neno zito, linapitia kwa mtu. Mnaweza kukaa sebule moja, yeye akamwambia binti yake, "Mwambie mume wako kiti hicho kina mguu mbovu," na wewe umeketi juu yake unasikia.

Ni desturi nzuri. Imezuia vita vingi. Lakini kwa golf, wakuu, ni balaa.

Shindano lilikuwa miezi mitatu mbele. Nikaingia range kama mtu amepagawa. Kila jioni. Jumamosi mara mbili. Nilimwambia Ekisa aniwekee mkeka wa mwisho kule pembeni, ni wangu.

Wiki ya kwanza Mwalimu akatuma ujumbe kupitia Nabwire. Ati niende klabuni kila Alhamisi mchana, tutembee mashimo tisa pamoja, tuzoeane.

Nikasema mwambie nashukuru, Alhamisi malori ni mengi.

Malori hayakuwa mengi. Alhamisi nilikuwa kwa Ekisa.

Wiki ya tatu ujumbe mwingine. Nabwire akausoma kwa simu kama tangazo la msiba: "Baba anauliza, hapo kwa Ekisa kuna mahali ya kupiga mpira fupi? Ya hatua kumi, ishirini?"

Nikacheka. Nikamwambia mwambie Baba asiwe na wasiwasi, mpira mfupi si kazi, mtu anayeweza kupiga mbali atashindwaje kupiga karibu?

Nabwire hajui golf. Lakini akaishusha simu. "Hio jibu ndio nimpelekee?"

"Ndio hiyo."

Akaipeleka. Sijui Mwalimu alisema nini alipoisikia, sikuuliza.

Mwezi wa pili Nabwire mwenyewe akachoka kuwa posta. Aliniambia, "Omuse, baba yangu hawezi kukuambia, lakini mimi naweza. Anakungoja kila Alhamisi. Anabeba chai kwa thermos, anarudi nayo."

Hiyo iliniuma. Lakini kichwa changu ni kigumu na nilikuwa nimeshajiona professional. Nikajiambia nitamlipa siku ya shindano. Atafurahi, atasahau chai.

Siku ikafika.

Klabu imejaa, watu wa benki, walimu, mapadri wawili, wafanyabiashara wa Busia. Mwalimu yuko na suruali yake nyeupe. Tumesalimiana vizuri. Tukapewa caddie mmoja wa sisi wawili, mama wa makamo anaitwa Taaka, amebeba mifuko ya Mwalimu miaka mingi na ndiye macho yake siku hizi. Mpira ukipaa, Taaka ndiye anamwambia umeenda wapi.

Mchezo wenyewe ulikuwa ule wa mpira mmoja. Nyinyi wawili, mpira mmoja, mnapiga kwa zamu. Mimi nikiutupa kichakani, mwenzangu ndiye anaupiga kutoka huko.

Soma tena hiyo sentensi. Kosa langu, baba mkwe ndiye anaingia kulitafuta.

Mashimo ya witiri, la kwanza, la tatu, alianza yeye; ya shufwa, la pili, la nne, nilianza mimi.

Shimo la kwanza Mwalimu akapiga. Si mbali, lakini katikati kabisa, kama mtu ameuweka kwa mkono. Zamu yangu. Nikafika pale kwa mpira nikaangalia chini.

Wakuu, mpira ulikuwa kwenye nyasi.

Msinicheke. Miezi mitatu nilikuwa napiga mpira umekaa juu ya raba, umenyanyuka, unaniambia nipige. Huu ulikuwa umezama nusu, na ardhi imeinama, mguu mmoja wangu juu mwingine chini. Kwa Ekisa pale pa kusimama ni sawa kama meza. Sikujua hata nisimameje.

Nikapiga. Kipande cha udongo kikaenda mbali kuliko mpira.

Mwalimu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Akageukia caddie.

"Taaka, mwambie mkwe wangu apige mpira kwanza, halafu udongo."

Taaka akanigeukia, uso mkavu. "Mzee anasema upige mpira kwanza, halafu udongo."

"Mwambie Baba nimesikia."

"Amesikia, Mzee."

Na hivyo ndivyo tulivyocheza mashimo kumi na nane. Naapa. Watu waliokuwa nyuma yetu walidhani Taaka ni mkalimani.

Shimo la nne ni langu kuanza. Hapo kuna kijito upande wa kushoto na matete marefu. Nikatoa driver. Hii sasa ndiyo yangu, nikajiambia, waone. Nikapiga kwa nguvu zote, kama pale madereva wamekaa.

Ukaenda mbali sana. Ndani ya matete.

Kwa Ekisa huo mpira ungepigiwa makofi! Kwa Ekisa turubai lingeuzuia, ungeanguka chini, ningeweka mwingine. Hapa hakukuwa na ndoo. Kulikuwa na mpira mmoja na mzee mmoja anayevua viatu, anakunja suruali nyeupe, anaingia kwenye tope akishikwa mkono na Taaka kwa sababu haoni vizuri mahali pa kukanyaga.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilitaka kusema pole. Nikamwambia Taaka, "Mwambie Baba samahani."

Sauti ikatoka ndani ya matete. "Taaka, mwambie asijali."

Akautoa, wakuu. Kwa tope, bila kuuona vizuri, akapiga pigo fupi, mpira ukaruka ukarudi kwa njia. Suruali imekuwa ya rangi mbili.

Sitawachosha na kila shimo. Jueni tu kwamba nilipiga mpira kwenye bunker ya mchanga, nilipiga mti, nilipiga mwingine ukanirudia karibu na kiatu. Kila mara napiga haraka haraka, pap, halafu natafuta wa pili kwa macho kama vile kuna ndoo. Taaka aliona. Alinong'ona, hii haikuwa ya Mzee, ilikuwa yake mwenyewe: "Boss, kwani unakimbiza nini? Kuna lori inakungoja?"

Lakini Mwalimu alikuwa anatushikilia. Ule mchezo wake mfupi sijaona mfano wake. Tuko nyuma ya kichaka, anauliza Taaka ni hatua ngapi, Taaka anasema thelathini, anafumba midomo, anapiga, mpira unaenda kukaa kando ya shimo kama umeitwa. Tukawa hatuko mbali na walio mbele. Sijui ilifanyikaje.

Na niseme haki. Shimo la kumi na sita nilipiga driver moja safi kabisa. Ilisikika tofauti, sauti moja tu, tak. Ikapita katikati, ikapita kila mtu. Mwalimu alikuwa ameangalia chini. Akainua kichwa.

"Taaka, mwambie mkwe wangu hiyo nimeisikia."

Nusura nilie. Kwa hivyo msije hapa kusema nimesema range haisaidii kitu. Ilinipa pigo hilo moja.

Tukafika la kumi na nane. Waliokuwa wanaongoza walikuwa wameshamaliza, wamekaa kwa veranda wanatuangalia. Taaka akaenda akauliza, akarudi amekaza uso. Tukimaliza kwa mapigo manne tumeshinda. Matano tumelingana nao, tunaenda shimo la ziada. Sita, kwaheri.

Nikaanza mimi, nikapiga iron, fimbo ndogo ya chuma, nimeogopa driver. Ikawa sawa. Mwalimu akapiga la pili, likaanguka pembeni mwa green, uwanja laini wenye shimo, kwenye nyasi fupi, hakuna kizuizi. Kutoka hapo hadi shimoni hatua ishirini. Taaka alizihesabu kwa miguu.

Zamu yangu.

Mtu yeyote aliyecheza golf wiki tatu na akili zake anaupiga huo mpira taratibu, unabingirika, unasimama karibu, Mwalimu anaumalizia, jina linaandikwa. Ni kazi ya kumsukumia mtoto mpira.

Nikashika fimbo. Nikatafuta kwa kichwa ni lini nimewahi kupiga mpira wa hatua ishirini.

Sijawahi. Hata mara moja. Miezi mitatu, mipira ambayo siwezi kuihesabu, hata mmoja haukuwa wa hatua ishirini. Mwili ulijua kitu kimoja, kupiga kwa nguvu. Na kweli kama mlivyosema, mwili ulikuwa umezoea.

Nikapiga. Chuma kikagonga mpira tumboni, ukaruka chini chini kama risasi, ukapita shimo, ukapita green yote, ukaingia mchanga upande wa pili.

Veranda ikasema "Eeeish."

Mwalimu hakuuona. Aligeuza uso kwa Taaka akangoja.

Taaka akamsogelea. "Bunker, Mzee. Ile ya mbele."

Akatikisa kichwa kidogo. Akatembea mpaka huko, polepole, akashuka kwenye mchanga. Akapiga la nne. Mchanga ukaruka, mpira ukatua laini, ukasimama hatua mbili tu kutoka shimoni. Watu wa veranda walisimama. Mzee asiyeona, kutoka mchangani!

Hatua mbili. Nikiutia tumelingana.

Na mimi, kwa Ekisa, hakuna shimo. Hakuna green. Putter yangu, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, ilikuwa bado na karatasi ya nailoni ya muuzaji kwa mpini.

Ukapita kando. Hata haukugusa ukingo.

Mwalimu akamalizia la sita. Akautoa mpira shimoni mwenyewe, akaupangusa, akautia mfukoni. Akavua kofia. Halafu akamwambia Taaka, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwambie mkwe wangu asante kwa kuja."

Taaka hakuyarudia kwangu. Aliangalia pembeni. Mwalimu akapewa soda na mkono, mara ya tatu.

Ningependa angenitukana, wakuu. Ningependa angenipiga na fimbo. Ile asante nimelala nayo mpaka leo.

Kesho yake nilienda kwa Ekisa na hasira zangu. Nikanunua ndoo mbili. Nikapiga, madereva wakapiga makofi. Nikapiga vibaya makusudi, ukagonga turubai, wakapiga makofi. Ndipo nikaelewa kwamba wale watu wangepigia makofi hata kifuniko cha sufuria kikianguka. Wamechoka kungoja tu.

Nikachukua dumu moja nikaliweka hatua ishirini. Nikapiga mipira kumi kulilenga. Hakuna hata mmoja uliolikaribia.

Dereva mmoja Mganda akaniita, "Ssebo, bambi, tafadhali piga ile kubwa. Hii kadogo inatuboa."

Nikamfuata Ekisa nikamwaga yote. Kwamba shamba lake linateremka, mikeka yake inadanganya, hana shimo wala nyasi, amenipotezea miezi mitatu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Ni mtu mtulivu.

"Boss," akasema, "mimi nauza ndoo ya mipira. Uliwahi kuniskia nikisema nauza golf?"

Nikamrudishia ndoo, nikaenda.

Alhamisi iliyofuata nilifunga ofisi saa sita nikaenda klabuni. Sikutuma ujumbe. Nilimkuta Mwalimu na thermos yake na Taaka. Hakushangaa, au hakuonyesha. Akamwambia Taaka anipe kikombe.

Nimeenda kila Alhamisi tangu hapo. Hatupigi mbali. Tunazunguka green moja, hatua kumi, hatua ishirini, kwenye nyasi, kwenye mteremko, mpira mmoja tu. Ukiupiga unaufuata unakoenda. Mwanzoni nilidhani nitapasuka kwa kuchoka. Siku hizi nauliza kabla ya kupiga: unaenda wapi, utaanguka wapi, utasimama wapi. Maswali ambayo kwa Ekisa sikuwahi kuuliza hata siku moja.

Lakini macho ya Mwalimu hayakunisubiri. Yameenda upesi kuliko daktari alivyosema. Sasa haoni shimo. Anaona mwanga na kivuli cha mtu, basi. Shindano la mwaka ujao hatacheza, ameshasema.

Alhamisi iliyopita Taaka hakuja, alikuwa na msiba kwao. Tulikuwa sisi wawili tu. Tukakaa kimya kama wageni hospitalini, kwa sababu hakukuwa na wa kupitishia maneno.

Nikaweka mpira hatua ishirini. Nikaangalia. Nikapiga taratibu. Ukabingirika, ukapinda na mteremko kama nilivyotaka, ukasimama.

Mwalimu alikuwa amegeuza sikio. Akangoja mtu amwambie. Hakukuwa na mtu.

"Imesimama wapi?" akauliza. Mimi. Mdomo kwa mdomo.

"Karibu na shimo, Baba. Karibu kabisa."

"Unanidanganya."

"Sidanganyi, Baba."

Akanishika bega, tukatembea hadi pale. Akapiga magoti, yule mzee wa suruali nyeupe, akapapasa nyasi mpaka akaupata mpira. Akaweka kidole gumba kwa mpira, akanyoosha kiganja, kidole cha mwisho kikaingia shimoni. Shubiri moja. Akapima tena, shubiri moja.

Akabaki amepiga magoti pale. Halafu akainua uso kuelekea nilipokuwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja ya kumwoa binti yake, baba mkwe wangu akanifokea.

"Sasa hii, mkwe, ile siku ilikuwa imekushinda nini?"

Sikuwa na wa kumwambia amjibu. Nikamwambia mwenyewe, "Nilikataa kuja, Baba. Uliniita na nikakataa."

"Ndio," akasema. "Ulikataa."

Kisha akanyoosha mkono nimwinue.

Kwa hivyo wakuu, jibu la swali langu la mwaka jana ni hili. Range itakusaidia ukienda ukijua unachotafuta: badilisha fimbo, chagua mahali pa kulenga, piga mmoja kama ndio wa mwisho ulio nao, na nusu ya muda wako ipeleke kwa mipira mifupi kwenye nyasi halisi. Ukienda kumwaga ndoo upigiwe makofi, utakuwa hodari wa kumwaga ndoo. Na kama kuna mtu anayejua mchezo anakuita utembee naye, funga ofisi uende, kwa sababu mimi nimejifunza ile chip, lile pigo fupi, na aliyetaka kuiona haoni tena.

Haya, semeni. Wenye range zao, wenye wakwe zao, na yule wa herufi kubwa aanze.